Mwambie Aandike Jina Lako

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuliulizana swali: nyumba ikishika moto, watu wote wameshatoka salama, wewe utarudi kuchukua nini? Majibu mliyotutumia yalikuwa matamu. Kanga ya bibi. Albamu ya harusi ya wazazi. Ile bahasha ya kaki yenye pasipoti na vyeti vya familia nzima, ambayo mama zetu wote huku ughaibuni wameificha mahali wanapodhani hatupajui. Zamu yangu ilipofika nikasema nitarudi kuchukua kitabu cha vibonzo. Mwenzangu alicheka mpaka ikabidi tukate sehemu ile.

"Vibonzo? Yaani katuni?"

Ndiyo, katuni. Kitabu chembamba, hakifiki hata kurasa 80, na karatasi zake zimeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini kwenye ukurasa wa kwanza, ule mtupu, aliyekitunga alichora mchoro kwa mkono wake mwenyewe, akaandika na jina la baba yangu. Sikupata muda wa kueleza hewani, kwa hiyo naeleza hapa. Na nikishaeleza nataka kuwashawishi jambo ambalo wakusanyaji wengi wa vitabu vilivyosainiwa watanipinga: ukipata bahati ya kukutana na mwandishi mcheshi anayechora, usimwombe saini tupu. Mwambie aandike jina lako. Mwambie akutanie.

Mnyamwezi na beleshi

Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mwaka 1996, mimi nikiwa na mwaka mmoja, alirudi Dar es Salaam likizo kwa mara ya kwanza tangu aje Leicester. Kazi yake huku ilikuwa kutunza majengo ya shule. Anafungua mageti, anahangaika na mabomba ya joto, na majira ya baridi anaamka saa kumi alfajiri kwenda kuondoa theluji kabla watoto hawajafika. Siku moja mjini Dar, kwenye meza ya muuza magazeti, akanunua kitabu cha vibonzo. Muuzaji akamwambia, "Mwenyewe si yule pale anakunywa kahawa." Baba, ambaye hakujua aibu, akamfuata. Jina la mchoraji silitaji, maana hadithi hii ni ya baba na yeye hajaulizwa. Wakaongea. Kumbe mchoraji ni Mzaramo.

Hapo baadhi yenu mmeshaanza kutabasamu, na wengine mnajiuliza kuna nini. Mimi nilikuwa kundi hilo la pili kwa miaka mingi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo, ikipita kwa watu wa pwani, wanagombana, wanapatana, wanauziana chakula, wanazikana. Huko ndiko utani ulikokulia. Mtani wako ana ruhusa ya kukucheka usoni, kukuita majina, hata kuchukua kitu chako, na wewe huna haki ya kukasirika. Ukifiwa, yeye ndiye atakayekuja kufanya vituko msibani mpaka waliokuwa wanalia wacheke.

Basi Mzaramo akasikia habari za Mnyamwezi anayeondoa theluji Uingereza, akachukua kalamu. Alichora mtu mwenye koti linaloburura chini, sanduku moja kichwani, jingine begani, na theluji imemfika magotini. Mbele yake amesimama Mzungu mwenye kofia ya duara, anatabasamu kwa adabu zote, anampokea mgeni wake kwa kumkabidhi beleshi. Chini kuna maneno haya: "Kwa mtani wangu Mudi. Siku ya tatu hiyo!" Halafu saini na tarehe.

Mimi nilikiona kitabu hicho nikiwa na miaka 11. Nikaona nini? Nikaona baba yangu amechorwa kama hamali. Amebeba mizigo kichwani, Mzungu anampa beleshi. Shuleni kulikuwa na watoto waliokuwa wakimwita baba kwa majina kwa sababu ya kazi yake hiyo hiyo, na shule yenyewe ndiyo niliyosoma. Nikakisukuma kitabu nyuma ya kabati, nyuma ya ensaiklopidia ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua. Nilidhani ninamlinda.

Alipokikosa akaniuliza, nikakiri, nikamwambia na sababu. Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akajaribu kunieleza kwa Kiingereza, maana Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuomba chakula na kukatazwa vitu. Akasema, mgeni, siku mbili, halafu jembe, unaona? Sikuona. Akarudia. Alipofika mara ya tatu kicheko kilikuwa kimeshakufa, naye akakifunga kitabu, akasema, "Haya, utaelewa siku moja." Mzaha ukishaanza kufafanuliwa umeshapoa, kama chapati ya jana.

Siku ya tatu

Baba alifariki mwaka 2016. Miaka miwili baadaye nikaenda Tabora, mara yangu ya kwanza nikiwa mtu mzima. Siku ya kwanza nilichinjiwa kuku. Siku ya pili nikachinjiwa kuku mwingine, majirani wakaja kunitazama. Siku ya tatu, ilikuwa Desemba, mvua zimeshaanza, binamu yangu aliniamsha kabla ya jua na kunitia kitu mkononi. Nikatazama. Jembe. Ua zima limesimama pale linanisubiri, na shangazi akasema kwa sauti ya juu, "Siku ya tatu hiyo!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kile kicheko chetu cha watoto wa ughaibuni, mnakijua, cha kucheka kwa sababu wengine wanacheka. Shangazi akanishika bega: "Hujui? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Wakadhani naumwa. Miaka 12 tangu baba avue miwani yake, ndipo kile kichekesho kilinifikia. Yule Mzungu hakuwa anamdharau baba. Au tuseme, mchoraji alikuwa anasema mambo mawili kwa mpigo. Kwanza: wewe Mnyamwezi, babu zako walibeba mizigo mpaka kwetu pwani, na wewe hujaridhika, umebeba mpaka Ulaya. Pili: wametukaribisha kwa adabu sana hawa, lakini siku ya tatu imefika upesi. Historia ya wazazi wetu wote huku ipo kwenye ukurasa ule mmoja, na imeandikwa na mtu aliyeruhusiwa kuicheka kwa sababu ni mtani.

Nikampigia mama simu nikamwomba aupige picha ule ukurasa anitumie. Nikamwonyesha shangazi. Yeye hakuhitaji maelezo hata ya sekunde moja. Alicheka, akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema, "Huyu Mzaramo mshenzi kweli." Kwa utani, hiyo ni sifa.

"Jina la nani hili?"

Sasa twende kwenye hoja yangu. Mwaka 2023 mama alihamia nyumba ndogo, ikabidi tupunguze vitabu. Kaka yangu, ambaye ni mtu wa mahesabu, akapendekeza tumwonyeshe muuzaji mmoja wa vitabu vya zamani. Jamaa alikuwa mpole, anaijua kazi yake. Alikiinua kitabu cha baba kwenye mwanga, akatazama wino, akatazama nyuma ya ukurasa. Akasema mchoro ni wa mkono, tena mzuri. Halafu akauliza:

"Jina la nani hili?"

"La baba yangu."

"Alikuwa mtu maarufu?"

"Hapana."

"Basi bei inashuka. Ingekuwa saini na mchoro tu, bila jina, ingeuzika vizuri zaidi."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo soko lilivyo. Kwa wauzaji wengi, saini bila jina la mtu inatangulia saini yenye jina la mtu asiyejulikana, maana mnunuzi hapendi kukumbushwa kuwa kitabu kilikuwa cha fulani. Jina likiwa la mtu mashuhuri, au la mtu aliyekuwa karibu na mwandishi, hesabu inageuka na bei inapanda. Kwa maneno mengine, soko linauliza: wewe ni nani? Na wengi wetu jibu letu ni: hakuna.

Ndiyo maana ukiingia kwenye intaneti kutafuta ushauri wa kuanza kukusanya, utaambiwa: omba saini tu, kataa jina. Mimi mwenyewe niliufuata ushauri huo. Nilipanga foleni saa moja na nusu kwenye tamasha la vitabu, kwa mchoraji wa Kiingereza ninayempenda tangu utotoni. Nilipofika mbele akaniuliza kwa uchangamfu, "Naandika kwa nani?" Nikajibu, "Saini tu, asante." Uso wake ukafunga kama duka. Akasaini, akanisukumia kitabu. Nyuma yangu alikuwepo mtoto na mama yake. Mtoto akataja jina lake na kueleza kwamba anafuga kobe. Akachorewa kobe, amevaa viatu. Kitabu changu kipo rafuni, kina saini halali kabisa, na sijakifungua tangu siku ile. Nilichokinunua ni bei. Yule mtoto ameondoka na kobe.

Kwa nini wachoraji wanauliza jina

Huenda ulidhani wanauliza kwa adabu tu. Kuna na sababu nyingine. Ubelgiji na Ufaransa, ambako hadithi za michoro ni jambo zito, mwandishi anayechora haishii kwenye saini. Desturi ni kukuchorea kitu ndani ya kitabu chako, papo hapo, huku unatazama. Kwenye tamasha la Angoulême, lililoanza mwaka 1974, watu wamekuwa wakipanga foleni kwa saa kadhaa kwa ajili hiyo. Mara nyingi mchoro ule haulipiwi, mchoraji anautoa kama zawadi kwa msomaji. Lakini pamekuwepo siku zote wanaokuja si kwa kusoma. Wanapanga foleni, wanachorewa, na kabla wino haujakauka vizuri kitabu kimeshawekwa kwenye mnada wa intaneti. Ndiyo sababu wachoraji wengi wanasisitiza jina. Jina ni kufuli dogo. Linasema zawadi hii ina mwenyewe.

Kwa hiyo ukisema "bila jina," hata kama nia yako ni safi, unasimama upande wa wale wanaomfanya mtu achore bure ili wao wauze.

Kiswahili, naona, kimelijua jambo hili zamani. Kwenye vitabu vyetu vya zamani ukurasa ambao mwandishi anamtaja mtu aliyemtungia kazi yake huitwa tabaruku, neno lenye baraka ndani yake. Na saini tunaiita pia sahihi, neno lilelile la kusema jambo ni la kweli. Baraka haitolewi kwa mtu asiye na jina.

Wao wana makumbusho, sisi tuna vitumbua

Kaka yangu ana hoja ya kupinga, na ni hoja nzuri, siwezi kuipita kimya. Anasema: bei ndiyo inayofanya vitu vihifadhiwe. Tazama Waingereza. London wana makumbusho ya katuni. Mchoro wa mkono wa Quentin Blake ukipatikana ndani ya kitabu cha Roald Dahl, hakuna atakayeutupa, kwa sababu kila mtu anajua una thamani. (Na kwa taarifa yenu, Dahl huyo huyo aliishi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1930 akifanya kazi kwenye kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili. Ameeleza mwenyewe kwenye "Going Solo", kitabu cha mwaka 1986. Nilipojua hilo nilijiuliza angekuwaje na mtani wa Kizaramo.)

Sasa tazama kwetu. Christian Gregory alimchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, nchi nzima ikamjua. Philip Ndunguru aliwapa watu wa jarida la Sani wahusika ambao wazazi wetu bado wanawataja kama majirani: muulize mzazi wako wa Kitanzania kuhusu Lodi Lofa au Ndumilakuwili, halafu kaa utazame uso wake unavyobadilika. Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau alikaa kwenye Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Akaja James Gayo na Kingo wake, akaja Masoud Kipanya na kile kipanya kinachosema ambayo wakubwa hawataki kuyasikia. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejijengea jina Nairobi, alimchora Abunuwasi katika kitabu cha Kiswahili kilichotolewa na Sasa Sema, kampuni ya Nairobi iliyothubutu kuchapisha hadithi za michoro kwa Kiswahili. Na kutoka Kisangani kuna Barly Baruti, ambaye vitabu vyake vinachapishwa Ulaya.

Hiyo ni hazina. Na sehemu kubwa ilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, ikafungiwa vitumbua, ikawashiwa jiko. Kaka anasema, laiti mtu angeziwekea bei mapema, leo tungezikuta.

Nakubali nusu. Bei inaokoa karatasi. Ila haiokoi kicheko. Kile kitabu cha baba kingeweza kuuzwa, kikaingia kwenye kabati la kioo la mtu mwenye pesa, kikatunzwa vizuri kuliko sisi tulivyokitunza. Mwenyewe angeona nini? Angeona nilichoona mimi nikiwa na miaka 11: mtu mweusi, mizigo, theluji, beleshi. Pengine angeandika pembeni kwamba ni mchoro wa kuhuzunisha kuhusu uhamiaji. Bila methali na bila utani, ukurasa ule ni bubu. Unahitaji familia inayojua kwa nini inacheka. Na nusu ya mimi inaogopa, kwa sababu familia hiyo huku kwetu ilibakiza kidogo tu iishe. Ilikuwa imebaki safari moja ya Tabora na shangazi mmoja mwenye jembe.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka mlifikirie. Sisi vijana wa huku tunarithi Kiswahili kwa vipande. Kwanza tunapata cha jikoni, kisha cha kugombezwa, kisha cha salamu za simu. Kicheko kinakuja mwisho kabisa, na wengi hawafiki. Unaweza kuelewa taarifa ya habari nzima na bado ukakaa kwenye harusi ukicheka sekunde mbili baada ya watu. Mwandishi mcheshi anapokuchorea kitu na kuandika jina lako, amekupa kichekesho kimoja ambacho kimeshonwa kwa vipimo vyako. Huwezi kusema hakikuhusu. Utakibeba mpaka ukielewe.

Basi anza hivi

Soma kwanza. Usikusanye mtu ambaye hajawahi kukuchekesha. Nunua kitabu kwake mwenyewe au kwa mchapishaji, kwa bei yake kamili, maana wachoraji wetu wengi hawapati chochote kitabu kikiuzwa mara ya pili. Nenda na kimoja, usibebe mzigo wa sita. (Kama ni Mnyamwezi, watakucheka.)

Ukifika mbele, mwamkie. Kama kakuzidi umri, shikamoo yako iwe tayari. Ongea Kiswahili hata kama kimevunjika mguu. Taja jina lako, mahali wazazi wako walikotoka, na kitu kimoja cha kweli kuhusu maisha yako huku. Usimwambie achore nini. Mpe kuni, moto atauwasha mwenyewe. Akiwa na foleni ndefu na hawezi kuchora, jina na neno moja vinatosha, mshukuru uondoke.

Nyumbani, kiweke mbali na jua. Wino wa kalamu za rangi unafifia haraka sana kwenye mwanga, na ule mzito unaweza kuhamia ukurasa wa mbele yake, kwa hiyo acha ukauke na uweke karatasi safi katikati. Usiutie plastiki ya moto, na gundi ya utepe usiipeleke karibu. Ukinunua kitabu kwa mtu mwingine, kitazame kwa kioo cha kukuza: mistari ya kuchapwa mara nyingi inaonyesha nukta nukta, ya mkono inakaa juu ya karatasi, na mara nyingi nyuma ya ukurasa unahisi kwa kidole mahali kalamu ilipokandamiza.

Halafu kuna kazi ambayo wakusanyaji wengi hawaifanyi. Andika hadithi yake. Kwenye karatasi tofauti, kwa penseli, andika nani alichora, wapi, mwaka gani, na kwa nini inachekesha. Hili la mwisho ndilo kubwa. Mimi nimeandika yangu kurasa mbili kwa Kiswahili. Nimeeleza misafara, utani, methali ya mgeni, beleshi, mpaka jina la shule. Nimeitia ndani ya kitabu. Najua nimesema mzaha ukifafanuliwa unapoa. Lakini chapati ya jana ukiirudisha kwenye kikaango inalika, na mwenye njaa hataniuliza ilipikwa lini.

Kama wazazi wako wako hai na wana kitabu, jarida, hata kipande cha gazeti walichokikata na kukitunza, kaa nao wiki hii. Uliza: hapa mlicheka nini? Washa simu urekodi. Wakijaribu kukutafsiria kwa Kiingereza, wazuie. Waache waseme kwa Kiswahili hata kama leo hutaelewa yote. Mimi nilimruhusu baba atafsiri, na ilinigharimu miaka 12, na sikuwahi kucheka naye.

Kaka alikubali kitabu kisiuzwe. Alisema hata hivyo bei yenyewe haikuwa kubwa, "kwa sababu ya lile jina." Siku hizi kipo kwangu. Mwaka jana binti yake, ana miaka tisa, alikifungua akaniuliza kwa nini babu amebeba masanduku mawili na bado anapewa beleshi.

Nikamwambia, wewe umekuja kwangu lini?

Akasema juzi.

Nikampa ufagio.